Jasho Langu Halikuchachusha Maziwa

Asalaam aleikum. Na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wetu mliokaa kwenye viti. Na nyie akina baba mlioletwa na wake zenu leo kwa ahadi ya supu, karibuni sana. Supu ipo, ila mtainywa mkishanisikiliza.

Mwenyekiti wetu wa klabu ameninong'oneza hapa: "Toa ushuhuda wako taratibu, uwatie watu moyo, usigombe." Mwenyekiti, nakuheshimu, lakini leo nitagomba. Huu ni mwaka wa pili, na kila nikiikumbuka habari hii hasira inanipanda upya. Watu wanapenda mtu akisimama mbele hapa awe ameshasamehe, ameshapoa, anajifuta machozi na upande wa kanga. Mie sijapoa. Aliyekuja kusikia maneno matamu asogee kule jikoni.

Niwaambie kwanza kwa nini nahangaika na mazoezi. Maana mtaani wanasema sie wanawake wa klabu tunakimbia ili tupunguze matumbo, tupendeze, tupate mabwana. Sawa. Mama yangu mzazi alipigwa na kiharusi nikiwa darasa la sita. Presha. Alikuwa anakaanga mihogo, akaanguka palepale karibu na karai, na tangu siku ile upande mmoja wa mwili ukawa si wake. Nilimwogesha mie. Nilimlisha mie. Miaka sita, mpaka Mungu alipomchukua. Kwa hiyo nilipokuwa na ujauzito wa binti yangu, na nesi wa kliniki akaniambia, "Mama, presha yako inapanda," nilimwona mama yangu waziwazi, kitandani, mdomo umeenda upande.

Nikajifungua salama, alhamdulillah. Mama mkwe akaja kutoka Rufiji kunilea uzazi. Na haki yake nimpe: alinilea. Maji ya moto asubuhi na jioni, ananikanda mgongo mpaka napiga kelele, ananifunga tumbo kwa kanga, ananipikia uji wa pilipili manga, mtoto akilia usiku yeye ndiye wa kwanza kuamka. Mwanamke asiye na mama akipata mkwe wa namna ile anashukuru. Nilikuwa namwita mama, na ilitoka moyoni.

Arobaini ilipoisha nikaenda kliniki. Presha bado iko juu. Nikapewa vidonge, na nesi akaniambia na jambo la pili: "Anza kutembea. Kidogo kidogo mpaka mwili uzoee, halafu ongeza. Kila siku. Kukaa kutakumaliza."

Kukaa! Ndugu zangu, kazi yangu mie ndiyo hiyo, kukaa. Niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, pale Kurasini, nashughulika na karatasi za makontena. Naingia saa mbili, natoka saa kumi na moja, na siku kazi imekuwa nyingi sijui natoka saa ngapi. Likizo ya uzazi ilipoisha nikamfuata bosi, kwa adabu kabisa, nikamwambia sheria inanipa muda wa kwenda kumnyonyesha mtoto. Akacheka. Akasema, "Dada, hiyo ni ya serikalini. Hapa kontena halisubiri ziwa." Ofisi nzima ikacheka. Na mie, mpumbavu, nikacheka nao. Leo nawaangalia nyie naona hakuna anayecheka, ahsanteni.

Sasa muda wa kutembea nautoa wapi? Alfajiri mtoto, mchana makontena, jioni mtoto tena, na nguo za mtoto, na vyombo. Jirani yangu mmoja, mpika vitumbua, ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Kwani kazini unaendaje? Gari? Shuka, uende kwa miguu, uue ndege wawili kwa jiwe moja." Mwanzo nikawa nashuka nusu ya njia. Baadaye nikaacha gari kabisa. Kutoka kwangu Mtoni mpaka Kurasini, ukikaza mwendo, ni kama saa nzima. Naamka saa kumi, nanyonyesha, namkabidhi mtoto kwa bibi yake na chupa yake ya maziwa ya ng'ombe ya mchana, na saa kumi na mbili nimeshafunga raba. Suruali ya mazoezi ndani, dera juu, viatu vya ofisi vimo mfukoni. Malori yananipigia honi, makonda wananiita, mie huyo, siongei na mtu.

Na Jumamosi jirani akanileta hapa klabuni. Si mnakumbuka nilivyokuja? Fulana inanibana, nikakimbia hatua ishirini nikakaa juu ya tuta la barabarani, nikasema niacheni nife hapahapa. Mkanizunguka mkaimba mpaka nikasimama. Mwezi wa pili presha ikaanza kushuka. Nikawa nalala usingizi. Mume wangu mwenyewe alisema, "Siku hizi unaimba jikoni."

Basi. Mtoto alipofikisha miezi mitano akaanza kuharisha.

Jioni ile mama mkwe alinisubiri mlangoni. Akanitazama kuanzia raba mpaka mtandio. "Mwanangu," akaniambia, "unamnyonyesha mtoto jasho. Mwili ukichemka na maziwa yanachemka, yanachacha humohumo kifuani. Mzazi hakimbii." Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akaniambia niyakamue maziwa ya mwanzo yote niyamwage, ndipo mtoto apewe ziwa. Nikayamwaga.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Hasira yangu inaanzia hapa, na inaanzia kwangu mwenyewe. Niliamini. Mie niliyesoma mpaka chuo, ninayejaza fomu za forodha kwa Kiingereza, niliamini. Kila jioni narudi kifua kimejaa mpaka kinauma, blauzi imelowa, nasimama pale ukutani nakamua maziwa mazuri kabisa yanaingia mchangani. Na ndani mtoto analia njaa, namsikia.

Haikutosha. Kikaitishwa kikao. Wenzangu wa pwani mnavijua vikao vyetu. Baba mdogo wa mume wangu akaja, na shangazi zake wawili, mkeka ukatandikwa, na mie nikakalishwa pembeni karibu na mlango, maana mwanamke uliyeolewa kwa watu husemi mpaka uulizwe. Hakuna aliyeniuliza. Waliongea habari ya fulana. Waliongea habari ya vijiwe, na wanaume wanaokaa kuangalia wanawake wakirukaruka barabarani. Neno presha halikutajwa hata mara moja. Baba mdogo akafunga: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mambo ya kukimbia basi." Nikamwangalia mume wangu. Yeye anajua mama yangu aliishaje. Alikuwa anachezea simu. Akasema, "Tuwasikilize wazee."

Nasikia kaka mmoja huko nyuma anasema alikuwa na adabu. Kaka, shikilia hapohapo, nitakurudia. Adabu gani hiyo ya kunyamaza mkeo anaposomewa hukumu ya kufa?

Nikaacha. Raba nikazitupa juu ya kabati. Hapa klabuni sikuja tena. Mlinipigia simu, sikupokea, nikaona aibu.

Sasa sikilizeni ujinga unavyojitetea. Wiki ya kwanza nimeacha kutembea, mtoto anaharisha. Wiki ya tatu, anaharisha. Mtu mwenye akili zake si angejiuliza? Jasho limekwisha, kuharisha kunatoka wapi? Nilimuuliza mama mkwe, kwa sauti ndogo. Akanijibu, "Jasho la zamani bado limo." Jasho la zamani! Na mie nikaitikia, nikamwaga zaidi. Tulivyozidi kumwaga, ndivyo mtoto alivyoongezewa chupa. Ule mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukaanza kuinama. Nguo alizokuwa ameziacha, zile za miezi mitatu, zikamtosha tena. Nilimvalisha mie mwenyewe, nikafunga vifungo.

Na presha ikapanda. Vidonge nilikuwa nameza siku nikikumbuka. Siku moja, saa tano asubuhi, napanda ngazi za ofisini na karatasi mkononi, kichwa kikauma kama kinapasuliwa, macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, mlinzi wa getini ananipepea kwa faili. Mkono wa kushoto una ganzi. Nawaambia ukweli, kufa sikukuogopa. Nilikiogopa kile kitanda cha mama. Nililala pale sakafuni najiuliza binti yangu ataanza kuniogesha akiwa na umri gani.

Wakanikimbiza hospitali. Ganzi ikaisha baada ya muda, Mungu mkubwa. Mume wangu akaja mbio, mtoto begani, mfuko wa chupa mkononi. Nesi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mfupi, sauti yake unaisikia wodi ya tatu. Akanipima, akarudia kupima, akakasirika. "Dawa unameza?" Nikamwambia siku nyingine. "Unatembea kama ulivyoelekezwa?" Niliacha. "Kwa nini?" Nikamweleza habari ya maziwa kuchacha. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Alisema, "Maziwa hayachachi kifuani mwa mtu. Beba zege siku nzima, ukirudi maziwa ni yaleyale. Huyo aliyekuambia uache kutembea, presha yako aliipima na nini?"

Halafu akamtazama mtoto. Akamtazama muda mrefu. Akaomba chupa.

Akaifungua, akaichungulia. Akaivua ile chuchu, akaipindua kwa kidole, na kule ndani kulikuwa na utando, mwembamba, unaoteleza, rangi siwezi kuwaambia na supu inatusubiri. Akanusa. Mie nikanyoosha mkono ili anipe. Hakunipa. Akampa mume wangu.

"Baba, nusa."

Mume wangu akanusa. Nikauona uso wake unabadilika.

"Nusa tena."

Akanusa tena.

"Hicho ndicho anachokunywa mwanao," nesi akamwambia. "Maziwa ya ng'ombe mmeyachanganya na maji ya ndoo, yanashinda kwenye joto mpaka mchana. Ya mama yake, safi, yana moto wake, mnaunywesha mchanga." Mume wangu akakaa chini. Kiti kipo hapo pembeni, yeye akakaa sakafuni.

Tulilazwa siku tatu, mie na mtoto. Nesi yule akanifundisha kukamua kwenye chombo safi, mtoto anyweshwe kwa kikombe na kijiko, chupa tupilia mbali. Daktari akaniambia nipumzike kwanza, presha ikitulia nianze upya kutembea, taratibu. Na siku hizo tatu, nimelala naangalia dari, hasira ikaniingia. Mpaka hapo nilikuwaga mtu wa kulia tu. Nikajiambia, kikao walichokiitisha bila kuniuliza, nitakiitisha mie.

Mke haitishi kikao, mnajua. Baba mdogo alipopigiwa simu alidhani nataka talaka, akaja amevaa kanzu. Nikakaa katikati ya mkeka, siyo mlangoni. Nikaiweka ile chupa, nikaweka kadi ya kliniki, nikaweka cheti cha hospitali. Nikasema yote. Kiharusi cha mama, presha yangu, maziwa, mchanga, nguo za miezi mitatu. Sauti ilipanda, sikatai. Mashangazi wakaanza kujifunika mitandio. Baba mdogo akamgeukia mume wangu: "Kijana, mkeo anatugombeza na wewe upo?"

Mume wangu akanyanyua kichwa. "Baba mdogo, mie ile chupa niliinusa."

Baba mdogo akayarudisha macho yake kwenye chupa.

Ndipo nikamgeukia mama mkwe. Maneno nilikuwa nayo, ndugu zangu, nilishayapanga kitandani moja baada ya jingine, makali. Nikaanza: "Mama, umemnyima mjukuu wako maziwa." Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama chupa. Akauliza polepole, "Kwa hiyo siyo jasho?"

Nikasema siyo jasho.

"Hata mtu akilima? Akishinda shambani kutwa?"

"Hata akilima, mama."

Akajifunika uso na kanga. Alipoanza kusema, alisema mambo ambayo hata mume wangu alikuwa hayajui. Kabla ya kumzaa mume wangu, mama alizaa wawili. Wote walikufa kwa kuharisha, hawajatimiza mwaka. Arobaini ikiisha tu alikuwa anarudi shambani kupalilia mpunga, mtoto mgongoni, maana asipolima yeye atalima nani? Walipomzika wa pili, wakwe zake wakatandika mkeka. Wakamkalisha pembeni. Wakamwambia mbele za watu kwamba amewaua wanawe kwa jasho lake. Alikuwa binti mdogo, hajafika miaka ishirini. Akaitikia. Maisha yake yote aliishi nalo hilo. Aliponiona nimefunga raba, yeye aliona kaburi la tatu.

Najua mnasubiri niseme hasira ikaishia hapo, tukakumbatiana. Hatukukumbatiana. Alikaa wiki mbili bila kuongea na mie zaidi ya salamu, akienda kulala mapema. Na hasira yangu haikuisha, ilihama. Ilikuwa ya mtu mmoja, sasa ni ya watu wengi. Nina hasira na kila aliyekaa kwenye mkeka ule wa Rufiji akaona ni rahisi kumlaumu binti aliyetoka kuzika kuliko kuuliza maji yanachotwa wapi. Nina hasira na bosi anayecheka. Nina hasira na mtaa mzima unaojua kuhesabu mara ngapi mwanamke amepita na raba, na haujui kumuuliza kama amekula. Mwanamke akilima kutwa, akibeba ndoo, akifua, hilo jasho ni halali, hamna anayelinusa. Akitoka jasho kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, ghafla linaua!

Leo hii niko hivi. Presha sijapona, siwadanganyi. Vidonge nameza kila siku na kutembea natembea kila siku, na nikipimwa sasa nesi hanigombezi. Bosi nilimwandikia barua, nakala nikampelekea afisa wa kazi, ndipo bosi akanipa muda wa kunyonyesha, nusu ya ule wa sheria. Nusu nyingine bado tunagombania. Binti yangu anakimbia, jana kaangusha sufuria la mboga, na sikumpiga, nilikaa nikamwangalia tu anavyoruka.

Nawashukuru. Nesi yule, ambaye sikumuuliza hata jina, Mungu amlipe. Mlinzi wa getini aliyenipepea wakati wenye vyeo wanatafuta nani wa kumpigia simu. Jirani yangu wa vitumbua, nilipoacha kutembea hukunisema, na mlango wako haukufungwa. Nyie wa klabu, mliokuja hospitalini na fulana zenu mkafukuzwa kwa kelele, ahsanteni. Na mume wangu, uliyekaa pale. Nakushukuru. Ulichelewa, lakini nakushukuru.

Sasa kaka yangu wa adabu, nilisema nitakurudia. Kesho alfajiri mkeo akiinama kufunga raba, usimuulize anakwenda kwa nani. Mpokee mtoto. Mkoshe, mnyweshe kikombe, mbebe. Hiyo ndiyo adabu. Hii fulana mnayomnunulia Jumamosi bila kumshikia mtoto Jumatatu ni mapambo tu. Na dada zangu mliojifungua juzi, mkiambiwa na daktari tembeeni, tembeeni, na mkizuiliwa, ulizeni kwa nini, tena ulizeni kwa sauti. Mie niliuliza kwa sauti ndogo, na nilichojibiwa mmekisikia.

Kuna mtu wa mwisho. Yumo humu leo. Simtaji, na nyie msigeuze shingo. Asubuhi nilimwomba ruhusa nikamwambia, nataka nilisemee lile jambo lako. Akaniambia, "Sema. Mie nimechoka kulibeba."

Mama, hukumu ile ulisomewa mbele za watu, ukiwa binti mdogo, na hakuna aliyekuuliza neno. Basi na mie nalisema mbele za watu, na wote hawa wawe mashahidi. Wanao hukuwaua wewe.